Kuliandaa Trekta Dogo kwa Msimu wa Mvua: Kinga Kwanza, Zana Baadaye

Somo kwa wenye matrekta, madereva, vikundi vya wakulima na wananchi wanaokodi huduma ya kulimiwa

Katika maeneo ya Tanzania yanayopata mvua mara moja kwa mwaka, mvua za msimu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili ya mwaka unaofuata. Ndani ya miezi hiyo trekta dogo hufanya sehemu kubwa ya kazi yake: kulima, kusawazisha majaruba, kuvuta tela la mbegu na mbolea na, baadaye, kutoa mazao shambani. Ndani ya miezi hiyo hiyo ardhi huwa laini, kingo za mifereji hubomoka, na barabara za vijijini huteleza. Mashine ileile iliyofanya kazi salama Agosti inaweza kumlalia dereva Januari.

Mwenye trekta anapojiandaa kwa msimu, mara nyingi fedha yake huenda kwanza kwenye plau, rotaveta au tela, kwa kuwa vifaa hivyo ndivyo vinavyoleta mapato. Fremu ya kinga, mkanda wa kiti, vyuma vya uzito na vifuniko vya shafti huachwa hadi fedha itakapobaki, na mara nyingi haibaki. Somo hili linaeleza kwa nini mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Kila kifaa kinachofungwa kwenye trekta hubadilisha uzito wake na mahali uzito huo unapokaa. Kwa hiyo trekta halina budi kuandaliwa kwa utaratibu: kwanza kinga ya dereva, pili uwiano wa uzito, tatu magurudumu, na mwisho zana.

Trekta lililotoka nchi ya baridi

Baadhi ya matrekta madogo yanayouzwa nchini ni yale yaliyotumika Japani, yakiwamo ya Kubota, Yanmar na Iseki. Katika nchi zenye majira ya theluji, mwenye trekta hujiandaa kwa kipupwe kama mkulima wa hapa anavyojiandaa kwa masika. Hufunga kebini iliyozibwa pande zote yenye kipasha joto, huvisha matairi minyororo, huweka sepetu ya kusukumia theluji mbele, na huongeza uzito nyuma ili kuilinganisha na sepetu hiyo.

Mnunuzi wa hapa nchini anaweza kupokea trekta likiwa na baadhi ya vifaa hivyo, au likiwa limekwisha kuvuliwa vyote. Yapo matrekta ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani ambayo hayana kabisa fremu ya kinga. Mengine yalikuwa na uzito wa nyuma au wa mbele ulioondolewa kabla ya kuuzwa. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mnunuzi lisiwe nguvu ya injini peke yake. Aulize pia: trekta hili lilitengenezwa likiwa na kinga gani, na kinga hiyo iko wapi sasa?

Namna trekta linavyopinduka

Trekta hupinduka kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kupinduka kwa ubavu. Hutokea gurudumu la upande mmoja linapopanda tuta au jiwe huku la upande wa pili likididimia, dereva anapokata kona kwa kasi, au ukingo wa mfereji unapobomoka. Trekta dogo lina hatari ya pekee hapa, kwa kuwa magurudumu yake hukaribiana na kimo chake ni kirefu kikilinganishwa na upana wake.

Ya pili ni kupinduka kinyumenyume. Magurudumu ya nyuma yakizuiwa kuzunguka, kwa mfano yakizama kwenye tope zito, nguvu ya injini haipotei. Hutafuta pa kwenda, na pa kwenda ni kuinua sehemu ya mbele ya trekta kuzunguka ekseli ya nyuma. Jambo hilohilo hutokea mzigo unapofungwa juu ya ekseli badala ya kufungwa kwenye chuma cha kukokotea kilicho chini. Pua ya trekta huinuka, na chini ya sekunde mbili mashine inaweza kuwa imemfunika dereva.

Wapo madereva wanaoamini kwamba wataruka likianza kupinduka. Muda huo haupo. Kabla dereva hajatambua kinachotokea, akaachia usukani na kuinuka kitini, trekta limekwisha kupita mahali ambapo lingeweza kurudi. Na anayefanikiwa kuruka mara nyingi huangukia upande uleule ambao mashine inalalia.

Hatua ya kwanza: fremu ya kinga na mkanda

Fremu ya kinga ni nguzo mbili au nne za chuma zilizofungwa kwenye mwili wa trekta, zikipita juu ya kichwa cha dereva. Kazi yake ni mbili. Huzuia trekta lisiviringike zaidi ya kulala ubavu, na ikiwa litaviringika, huacha nafasi ambamo mwili wa dereva hautabanwa.

Sweden ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kulifanya jambo hili kuwa sheria: kuanzia mwaka 1959 trekta jipya halikuruhusiwa kuuzwa huko bila fremu iliyopimwa. Vifo vya kupinduka kwa matrekta nchini humo vilipungua sana katika miongo iliyofuata. Nchini Marekani, taasisi ya taifa ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, inaeleza kwamba fremu ikitumika pamoja na mkanda wa kiti huzuia kifo au jeraha kubwa kwa kiwango cha asilimia 99 trekta linapopinduka.

Maneno muhimu katika maelezo hayo ni “pamoja na mkanda.” Fremu bila mkanda haitoshi, kwa kuwa dereva hurushwa nje ya nafasi iliyolindwa, na mara nyingine nguzo yenyewe ndiyo humwangukia. Kwa upande mwingine, trekta lisilo na fremu lisifungwe mkanda, kwa sababu mkanda utamshikilia dereva chini ya mashine. Kanuni ya kukumbuka ni fupi: penye fremu pana mkanda, pasipo na fremu hapana mkanda, na pasipo na fremu trekta lisipelekwe kwenye mteremko, kandokando ya mfereji wala kwenye tope zito.

Mambo manne yazingatiwe wakati wa kufunga fremu:

1. Fremu iwe ile iliyotengenezwa na kupimwa kwa ajili ya aina hiyo ya trekta. Fremu halali huwa na kibao cha chuma kinachotaja mtengenezaji na aina ya trekta inayohusika.

2. Bolti ziwe za ugumu ulioelekezwa na mtengenezaji. Bolti ya kawaida ya dukani inaweza kukatika siku ya kuhitajiwa.

3. Fremu isitobolewe wala isichomelewe. Kutundika taa, spika au kiti cha abiria kwa kuchomelea hubadilisha uimara wa chuma. Fremu iliyowahi kupinda katika ajali hubadilishwa, hainyooshwi.

4. Fremu inayokunjwa isimamishwe wakati wote wa kazi. Inaweza kukunjwa kwa muda mfupi chini ya miti ya matunda yenye matawi ya chini, mahali tambarare. Wakati huo mkanda usivaliwe, na fremu irudishwe mara tu baada ya kutoka hapo.

Paa na kebini

Jua la Novemba na mvua ya Februari humfanya dereva kutamani kivuli, na mafundi wengi wa kuchomelea hutengeneza paa la bomba jembamba na bati au turubai. Kivuli hicho ni halali na hulinda afya ya dereva, mradi kila mmoja aelewe kwamba paa si fremu ya kinga. Bomba la paa hujikunja kama bua la mtama trekta linapolala. Hatari yake kubwa ni kwamba humpa dereva na mwenye trekta imani isiyo na msingi, kwa kuwa kwa mbali vitu hivyo viwili hufanana.

Paa lifungwe juu ya fremu iliyopo kwa vibanio, bila kuitoboa. Liwe jepesi, kwa maana kila kilo inayowekwa juu hupandisha kitovu cha uzito na kulifanya trekta kuwa jepesi kupinduka. Lisizibe mwonekano wa nyuma, ambako zana hufanya kazi. Bomba la moshi lisiishie chini ya paa.

Aliyenunua trekta lenye kebini kamili ahakikishe mambo matatu. Kwanza, atambue kama kebini hiyo imejengewa fremu iliyopimwa au ni ganda la kukinga upepo tu. Kibao cha mtengenezaji ndicho kitakachojibu. Pili, madirisha na mlango wa dharura vifunguke kwa urahisi, kwa kuwa kebini iliyotengenezwa kwa nchi ya theluji hugeuka tanuri chini ya jua la hapa. Tatu, mirija inayopeleka maji ya moto kwenye kipasha joto ikaguliwe. Kipasha joto kisichotumika kifungwe kwa koki yake, kwa maana mrija mkuukuu ukipasuka humwaga maji ya moto miguuni mwa dereva na kuiacha injini ikiungua.

Hatua ya pili: uwiano wa uzito

Zana inapoinuliwa nyuma, magurudumu ya mbele hupoteza uzito. Yakipoteza kupita kiasi, usukani huwa mwepesi, trekta halikati kona ipasavyo, na mlimani pua huinuka. Kanuni inayotumiwa na wataalamu ni kwamba ekseli ya mbele isibebe chini ya asilimia 20 ya uzito wote wa trekta pamoja na zana yake.

Mfano ufuatao unaonyesha namna ya kukokotoa. Trekta lina uzito wa kilo 1,200, na kati ya hizo kilo 480 zimekaa mbele. Umbali kati ya ekseli mbili ni mita 1.6. Rotaveta ina uzito wa kilo 300, na kitovu cha uzito wake kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma.

Uzito unaopotea mbele ni 300 × 1.2 ÷ 1.6, yaani kilo 225. Mbele hubaki 480 − 225, yaani kilo 255. Uzito wote sasa ni kilo 1,500, na asilimia 20 yake ni kilo 300. Kwa hiyo mbele pamepungua kilo 45.

Vyuma vya uzito vikifungwa mbele ya pua, sentimita 60 mbele ya ekseli ya mbele, kila kilo moja huongeza mzigo wa ekseli hiyo kwa kilo 1.375, kwa sababu ya umbali wake. Vyuma viwili vya kilo 20 huongeza kilo 55. Mbele panakuwa na kilo 310, na uzito wote ni kilo 1,540. Asilimia 20 ya kilo 1,540 ni kilo 308. Trekta limesawazika.

Asiye na vipimo hivi aangalie kitabu cha trekta, au alipime trekta kwenye mizani ya magari kwa kupandisha ekseli ya mbele peke yake, zana ikiwa imeinuliwa. Jiwe lililofungwa kamba au mfuko wa mchanga uliowekwa juu ya boneti haufai. Huanguka barabarani, na uzito wake hauko mahali panapostahili.

Njia nyingine ya kuongeza uzito ni kujaza maji kwenye matairi ya nyuma, yasizidi asilimia 75 ya ujazo, yaani kufikia usawa wa valvu inapokuwa juu kabisa. Lita moja huongeza kilo moja, na kwa kuwa uzito huo uko chini, hulifanya trekta litulie mteremkoni. Katika nchi za baridi maji hayo huchanganywa na chumvi maalumu ili yasigande. Hapa maji safi hutosha. Hata hivyo, maji ya matairi ya nyuma hayasaidii ekseli ya mbele, hivyo hayachukui nafasi ya vyuma vya mbele.

Zana inapoondolewa, vyuma vya mbele navyo viondolewe. Uzito usiohitajika hushindilia udongo, hula dizeli na kuchosha ekseli.

Hatua ya tatu: magurudumu

Kwa shamba la nchi kavu, tairi lenye meno marefu na upepo wa kiwango kilichoandikwa kitabuni ndilo linalofaa. Tairi lililojazwa upepo kupita kiasi huteleza kwenye udongo mbichi, na lililopungua upepo huvuka rimu kwenye mteremko. Matairi mawili ya ekseli moja yawe ya ukubwa mmoja na yaliyolika kwa kiasi kinacholingana, hasa kwenye trekta linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Pale ambapo rimu zinaruhusu, upana kati ya magurudumu ya nyuma uongezwe kabla ya msimu. Hatua hiyo hupunguza hatari ya kupinduka ubavu, na gharama yake ni muda wa fundi na jeki imara.

Katika majaruba ya mpunga hutumika magurudumu ya chuma yenye mabapa, ambayo hulizuia trekta kuzama. Yafungwe pande zote mbili kwa ukubwa uleule, na bolti zikazwe tena baada ya saa ya kwanza ya kazi. Magurudumu hayo ni ya shambani tu. Huharibu barabara ambayo wananchi wote wanaitumia, na juu ya sehemu ngumu hayana mshiko.

Hatua ya nne: zana na shafti yake

Baada ya hatua tatu za mwanzo, zana inaweza kufungwa. Chaguo la zana liendane na nguvu ya trekta: rotaveta pana kuliko uwezo wa injini hulazimisha gia ndogo, hupasha moto klachi na kumchosha mashine katikati ya msimu.

Zana zinazozungushwa na injini hupokea nguvu kupitia shafti ya nyuma ambayo mafundi huiita PTO. Katika matrekta mengi shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde. Shafti yenye kipenyo cha sentimita 7 hukunja nguo kwa kasi ya takriban mita 2 kila sekunde. Kanga, koti la mvua lenye kamba au mkono wa shati ukinaswa, hakuna mtu mwenye nguvu ya kuurudisha wala muda wa kumwita dereva azime.

Kwa hiyo kifuniko cha plastiki kinachoizunguka shafti, pamoja na ngao ya chuma iliyo juu ya kichwa chake, ni sehemu ya mashine. Kikipasuka kinunuliwe kingine. Mtu asivuke juu ya shafti inayozunguka. Nyasi zilizojisokota kwenye visu zitolewe baada ya kuzima injini, kutoa ufunguo na kusubiri kila kitu kisimame. Zana iliyoinuliwa ishushwe chini au iwekewe gogo imara la kuitegemeza kabla ya mtu kuingia chini yake, kwa kuwa haidroliki inaweza kuachia ghafla.

Tela, abiria na barabara

Wakati wa mvua barabara ya kijiji hutumiwa kwa pamoja na wanafunzi, bodaboda, mifugo na matrekta. Trekta hutembea polepole, na tela lake huficha taa za nyuma. Tela liwekewe viakisi vyekundu nyuma na taa zinazofanya kazi, na dereva awe na leseni inayomruhusu kuendesha trekta, kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani.

Matrekta mengi yana pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, ili kusaidia kukata kona shambani. Kabla ya kuingia barabarani pedali hizo ziunganishwe kwa pini yake. Breki ikikanyagwa upande mmoja katika mwendo wa barabarani, trekta hugeuka ghafla na kupinduka.

Tela lisilo na breki huisukuma trekta kwenye mteremko unaoteleza. Dereva aingie kwenye mteremko akiwa na gia ndogo ileile ambayo angepandia, na asikanyage klachi wala kuweka gia huru akiwa njiani kushuka.

Trekta lenye kiti kimoja ni la mtu mmoja. Madigadi si kiti, na chuma cha kukokotea si ngazi. Kumbeba mtoto juu ya madigadi, hata kwa mita chache kutoka nyumbani hadi shambani, ni kumweka mbele ya gurudumu la nyuma. Fremu ya kinga humlinda aliyefungwa mkanda peke yake.

Injini katika unyevu

Maji ni adui wa mfumo wa dizeli. Tangi lijazwe jioni baada ya kazi, kwa kuwa tangi tupu hukusanya mvuke usiku na kuugeuza matone. Chujio lenye bakuli la kutenga maji lifunguliwe na kumwagwa mara kwa mara katika msimu. Bomba la moshi lisilo na kifuniko lizibwe trekta linapoegeshwa, na mzibo utolewe kabla ya kuwasha.

Rejeta hujazwa mchanganyiko unaozuia kutu, si maji matupu, ingawa hakuna theluji ya kuhofia. Mchanganyiko uleule unaozuia maji kuganda ndio unaolinda chuma na pampu. Mapezi ya rejeta yasafishwe kila siku ya kazi, kwa maana mbegu za nyasi na tope huziba hewa. Kifuniko chake kisifunguliwe injini ikiwa moto.

Baada ya kazi ya majarubani, oili ya ekseli na ya gia ikaguliwe. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiliwa na maji. Ibadilishwe pamoja na sili iliyopitisha maji hayo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Trekta likikwama

Makosa mengi makubwa hufanyika katika dakika za hasira baada ya kukwama. Utaratibu salama ni huu. Dereva asimamishe magurudumu yanapoanza kuzunguka mahali pamoja. Ajaribu kutoka kwa gia ya nyuma, kwa kuwa kurudi nyuma hakuinui pua. Isipowezekana, zana iondolewe, tope lichimbwe nyuma ya magurudumu, kisha ajaribu tena.

Gogo au mti usifungwe kwa mnyororo kwenye magurudumu ya nyuma ili yapate mshiko. Gogo hilo hukataa kupita chini, magurudumu husimama, na mwili wa trekta ndio huzunguka kuelekea nyuma juu ya dereva. Ikilazimu kuvutwa, livutwe na trekta lingine kwa mnyororo imara uliofungwa chini kwenye chuma cha kukokotea cha trekta linalovuta, na watu wote wakae mbali zaidi ya urefu wa mnyororo huo.

Nani agharamie kinga?

Anayeketi juu ya trekta mara nyingi si mwenye trekta. Ni kijana aliyeajiriwa kwa msimu, anayelipwa kwa ekari, ambaye hana sauti katika ununuzi wa vifaa. Akilalamika kwamba hakuna mkanda, huambiwa wapo wengine wanaoitafuta kazi hiyo. Uamuzi wa kuacha fremu hufanywa na mtu mmoja, na hatari yake hubebwa na mwingine. Kwa hiyo wajibu wa kwanza uko kwa mwenye mashine.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri vinashauriwa kuweka gharama ya fremu, mkanda, vyuma vya uzito na vifuniko vya shafti ndani ya andiko la mradi tangu mwanzo. Ni rahisi kuvinunua pamoja na trekta kuliko kutafuta fedha yake baadaye, wakati marejesho yamekwisha kuanza.

Mkulima anayekodi naye ana nafasi yake. Kabla ya kukubaliana bei ya ekari, aangalie kama trekta lina fremu iliyosimama na shafti iliyofunikwa. Aonyeshe dereva mapema mahali penye shimo, kisima cha zamani, kichuguu au ukingo uliolainika. Awaondoe watoto shambani hadi kazi iishe.

Masuala ya upimaji wa zana hushughulikiwa kitaifa na Kituo cha Zana za Kilimo na Ufundi Vijijini, CAMARTEC, kilichopo Arusha. Kwa ushauri wa karibu, mwananchi amwone afisa kilimo wa kata yake au afike Ofisi ya Mtendaji wa Kata aelekezwe.

Maswali ya kujipima

1. Trekta lina paa la bati lililochomelewa na fundi wa mtaani, halina fremu iliyopimwa. Je, dereva afunge mkanda?

2. Trekta na zana yake vina uzito wa kilo 1,200. Ekseli ya mbele, zana ikiwa imeinuliwa, inasoma kilo 210 kwenye mizani. Je, inatosha?

3. Dereva anatoka shambani kuingia barabara kuu ya kijiji. Ni jambo gani afanye kwenye pedali za breki?

4. Magurudumu ya nyuma yanazunguka mahali pamoja kwenye tope. Gia ipi ijaribiwe kwanza?

Majibu: (1) Hapana, paa si fremu, na mkanda utamfungia chini ya mashine. Trekta hilo lisifanye kazi kwenye mteremko, kando ya mfereji wala kwenye tope zito hadi lipate fremu. (2) Haitoshi, asilimia 20 ya kilo 1,200 ni kilo 240, hivyo zimepungua kilo 30. (3) Aziunganishe kwa pini. (4) Gia ya nyuma.

Kazi ya kuandaa trekta ifanyike Septemba na Oktoba, wakati mafundi wana nafasi na vipuri vinaweza kuagizwa bila haraka. Mvua ya kwanza ikishanyesha, kila mwenye shamba hutaka kulimiwa siku hiyohiyo, na trekta ambalo halijakaguliwa hutoka likiwa vilevile.